Kache si akiba

Juzi nimelisikia tena: "Kache ya seva imeharibika." Faili limewekwa kwenye folda ya pamoja iliyo kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza mafaili ya wote; aliyeliweka analiona, wa meza ya pili halioni. Seva ikazimwa na kuwashwa upya, kazi za watu wote zikasimama, faili likaonekana. Lingeonekana hata kama seva isingeguswa.

Kache ni nakala ya jibu ambayo kompyuta hujiwekea karibu ili isirudie kuuliza swali lile lile. Kwa folda ya mtandao, jibu lenyewe ni majina ya mafaili, ukubwa wake, tarehe zake. 

Kinachonikera ni hii tafsiri ya "akiba". Neno asili yake ni Kifaransa, cacher, yaani kuficha, na wategaji wanyama wa Amerika Kaskazini waliliita hivyo shimo la kufichia vyakula na zana. Mwaka 1968 kampuni ya IBM ikalitumia kwenye kompyuta yake ya System/360 Model 85, kwa kumbukumbu ndogo yenye kasi ambayo mwandika programu haioni. Imefichika kweli, sina ugomvi. Ila sisi tulipoiita akiba tuliibeba na methali yake: akiba haiozi. Hii inaoza! Akiba ni kitu chenyewe, ukikitoa ndicho hicho ulichokiweka. Kache ni nakala tu. Chenyewe kiko kwenye seva, na huko kinabadilishwa na watu wengine bila nakala kupata habari.

Tena nakala hiyo haiko kwenye seva. Iko kwenye kompyuta ya anayelalamika. Ukitaka hakika, fungua folda ile ile kwenye seva yenyewe: faili likiwepo, seva haina kosa.

Mbaya zaidi, kompyuta hukumbuka hata kutokuwepo. Programu inatafuta ripoti.pdf, inajibiwa hakuna, na "hakuna" hiyo nayo inawekwa. Sekunde mbili baadaye mwenzako analihifadhi faili, wewe bado unaambiwa hakuna. Kwenye Linux, folda ya NFS (njia ya kushirikisha folda kwenye mtandao) isipobadilishwa mpangilio huaminiwa kati ya sekunde 30 na 60 kabla ya kuulizwa upya. Windows kwa kawaida huikumbuka orodha ya folda kwa sekunde 10, na "hakuna" kwa sekunde 5. Ndiyo maana anayeinuka kwenda kumwita fundi hurudi akakuta tatizo limeisha, na fundi anapewa sifa za bure.

Kama sekunde hizo zinaumiza kazi, upande wa Linux unganisha folda kwa mpangilio uitwao lookupcache=pos, ili "hakuna" iulizwe upya kila mara. Wengine hukimbilia noac, ambayo huzima kumbukumbu yote ya habari za mafaili na kulazimisha kila kinachoandikwa kifike kwenye seva papo hapo. Folda inakuwa nzito, halafu lawama zinahamia kwenye mtandao.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kache iliyoharibika ni ile ambayo muda wake wa kuuliza umepita na bado haijauliza. Hiyo ya juzi ilikuwa ndani ya muda wake, ina jibu la zamani tu. Sema hivyo, "ina jibu la zamani", na uiache seva iendelee na kazi.