Mtandao wa kukusanya data kwenye ndege ya majaribio

Ndege ya aina mpya haipewi kibali cha kubeba abiria mpaka irushwe na kupimwa kila sehemu. Airbus A380 iliporuka kwa mara ya kwanza kutoka Toulouse, Ufaransa, tarehe 27 Aprili 2005, ilikuwa na watu 6 tu, pamoja na takriban tani 20 za vyombo vya kupimia na matangi ya maji ya kuongeza uzito.

Vyombo hivyo ndivyo mfumo wa kukusanya data. Vihisio hubandikwa kwenye mabawa, injini na miguu ya ndege ili kupima joto, mgandamizo, mtetemo na mkazo. Jirani yake hufungwa kisanduku kinachogeuza vipimo kuwa tarakimu. Katika mfumo wa zamani, uitwao PCM, tarakimu husafiri kwa mfuatano uliopangwa kabla ya safari. Ni mfumo wa kuaminika na bado unatumika, ila ukitaka kuongeza vipimo huenda ukalazimika kuupanga upya mfuatano mzima.

Katika mfumo mpya, ambao ni wa mtandao, visanduku huunganishwa kwa itheneti, yaani nyaya za mtandao kama zile za kompyuta za ofisini. Kila kimoja hutuma paketi zake, yaani vifurushi vidogo vya data, kwenye swichi ya mtandao, nayo huzigawa kwa wanaozihitaji: kirekodi, kompyuta ya mhandisi aliyemo ndegeni, na redio inayorusha data ardhini. Redio haina nafasi ya kutosha, hivyo hutumiwa vipimo vichache vilivyochaguliwa. Vilivyobaki husubiri kwenye kirekodi.

Kazi ngumu hasa ni kulinganisha saa. Paketi hupanga foleni kwenye swichi, kwa hiyo muda zinapofika hauonyeshi kipimo kilichukuliwa lini. Fikiria jaribio la mtetemo wa mabawa, ambalo ni miongoni mwa majaribio ya hatari zaidi, kwa sababu kuna mwendo ambao upepo huuchochea mtetemo badala ya kuutuliza, na bawa likavunjika ndani ya sekunde chache. Wahandisi lazima wajue kama ncha za mabawa mawili zinapanda pamoja au kwa kupokezana. Bawa likitetemeka mara 10 kwa sekunde, mtetemo mmoja huchukua milisekunde 100. Saa za visanduku viwili zikipishana milisekunde 50, mabawa yanayopanda pamoja yataonekana moja likipanda na jingine likishuka. Uamuzi wa kuongeza mwendo au kurudi chini utakuwa umejengwa juu ya uongo.

Kwa hiyo kila kipimo hugongwa muhuri wa muda palepale kinapochukuliwa. Saa kuu, ambayo kwa kawaida hufuata setilaiti za GPS, hutangaza muda mtandaoni kwa utaratibu wa kulinganisha saa uitwao PTP, uliotolewa na IEEE, taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki, mwaka 2002 kwa jina la IEEE 1588. Kila kisanduku hupima ujumbe umechelewa kiasi gani njiani, kisha hujirekebisha. Mtandao ukiundwa vizuri, tofauti inaweza kushuka chini ya mikrosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde. Swichi nazo huchaguliwa zile zinazouelewa utaratibu huo, kwa kuwa swichi ya kawaida ya ofisini haihesabu muda ambao ujumbe wa saa umekaa kwenye foleni yake.