Salamanda na Nyuti: Jamaa za Chura, si za Mjusi

Watoto wa shule wanaotembelea makumbusho yetu hapa Nairobi huitazama picha ya salamanda na kusema kwa sauti moja kwamba huyo ni mjusi. Kosa hilo linaeleweka, kwani mnyama huyo ana mkia mrefu na miguu minne mifupi, naye mtoto wa Nairobi amezoea kumwona mjusi kafiri akiwinda nondo ukutani karibu na taa. Salamanda wa porini hawako Kenya, kwa hiyo hana mahali pa kuwalinganisha wawili hao kwa macho yake.

Tofauti iko kwenye ngozi. Mjusi amevikwa magamba makavu yanayozuia maji yasipotee mwilini, ndiyo maana anastahimili hata jua la Turkana. Salamanda hana magamba. Ngozi yake ni tupu na yenye unyevu, na mayai yake hayana ganda gumu bali yamezungukwa na ute, kama ya chura. Yeye ni amfibia, yaani wa kundi moja na chura. Maji na hewa hupenya katika ngozi hiyo kwa urahisi, na kwa maoni yangu anayeielewa ngozi ya salamanda ameshaelewa sehemu kubwa ya maisha yake.

Wanasayansi wametambua zaidi ya spishi 800 za salamanda, na zaidi ya nusu yao ni wa familia moja ambayo wanyama wake hawana mapafu kabisa. Hewa yote wanayoihitaji huingia kupitia ngozi na utando wa kinywa. Wengi wao wanaishi Amerika, chini ya magogo yaliyooza, kwenye majani yenye umande na katika misitu ya milimani yenye ukungu, kwa kuwa ngozi ikikauka pumzi nayo hukatika. Wadogo zaidi miongoni mwao, wanaopatikana Meksiko, hawafikii hata sentimita 3 kutoka pua hadi ncha ya mkia.

Kinyume chao ni salamanda mkubwa wa China, anayeweza kufikia urefu wa takriban mita 1.8. Huyu ana mapafu, lakini hupumua hasa kwa mikunjo ya ngozi iliyo ubavuni mwake, akiwa ametulia chini ya mawe ya mito yenye maji baridi yanayokwenda kasi. Kuwindwa kwa ajili ya nyama kumemfanya awe adimu sana porini.

Nyuti nao ni salamanda. Kila kambale ni samaki, lakini si kila samaki ni kambale. Vivyo hivyo, kila nyuti ni salamanda, lakini salamanda wengi si nyuti. Nyuti wengi huishi nchi kavu kwa sehemu ya mwaka, ngozi yao ikiwa kavu na yenye vipele kuliko ya salamanda wengine, kisha hurudi kwenye vidimbwi kuzaliana. Ngozi yao ni ghala la sumu pia. Nyuti mmoja wa magharibi mwa Marekani ana tetrodotoksini, sumu ileile ya samaki bunju, na mwaka 1979 mtu mmoja jimboni Oregon alifariki baada ya kummeza. Nyuti mwenye mbavu, anayeishi Moroko, Uhispania na Ureno, akishikwa husukuma ncha za mbavu zake zikatoboa ngozi yake mwenyewe na kumchoma adui zikiwa zimepakwa sumu, na baadaye vidonda hupona.

Wapo pia wasiotoka majini maisha yao yote. Aksoloti wa Xochimilco, ndani ya Jiji la Meksiko, hukomaa na kuzaa akiwa bado na matamvua ya utotoni, na akikatika mguu huota mwingine kamili wenye mifupa na misuli. Protei, wa mapango ya Slovenia na nchi jirani, ni kipofu na anaweza kuishi miaka mingi bila kula.

Barani Afrika salamanda wako kaskazini tu, katika nchi kama Moroko, Algeria na Tunisia. Kwa mnyama wa ngozi kama hii, Sahara ni ukuta. Ngozi hiyohiyo ndiyo mlango wa ugonjwa: kuvu inayoila ngozi ya salamanda, iliyoelezwa kisayansi mwaka 2013, imekaribia kuwamaliza salamanda weusi wenye madoa ya manjano nchini Uholanzi. Kwa kuihofia, Marekani ilizuia mwaka 2016 uingizaji wa spishi 201.

Sisi tumejaliwa jamaa yao mwingine. Kwenye udongo wenye unyevu wa milima ya Taita wanaishi sesilia, amfibia wasio na miguu ambao mkulima akiwafukua kwa jembe hudhani ni minyoo au nyoka wadogo. Hawaumi mtu wala hawaharibu mazao. Jike wa spishi moja ya huko, baada ya mayai kuanguliwa, hunenepesha tabaka la juu la ngozi yake kwa mafuta, na watoto wake, waliozaliwa na meno maalumu, huibambua na kuila. Ikishaota tena, huwalisha upya.