Mashine mpya ya presha haitawaokoa

Kila kikao cha ubora hapa kliniki, chai haijapoa mtu ameshasema: "Tununue ya dijitali, vipimo vitanyooka." Jamani. Kabla ya kujaza fomu ya ununuzi, fungueni rejista ya triaji (daftari la vipimo vya wagonjwa wanapoingia), mchukue vipimo 100 vya mwisho na mtazame tarakimu ya mwisho ya presha ya juu, ile namba ya kwanza, kama 120 kwenye 120/80.

Mashine ya dijitali haina tarakimu inayoipenda: zinazoishia na 0 zinapaswa kukaribia 10. Ya mshale, alama zake zimegawanywa mbilimbili (120, 122, 124), kwa hiyo hapo tarajieni kama 20. Mkikuta 60 kwa dijitali, kuna mtu anakisia au anakata namba. 120/80, 120/80, 130/80, ukurasa mzima kama salamu. Aliyeandikiwa 140 huenda alikuwa 136, na dawa ameshaanzishiwa.

Halafu mkanda unaofungwa mkononi. Hapa ndipo napandwa na hasira. Kliniki ina mkanda mmoja, ule uliokuja kwenye kasha, umeandikwa sentimita 22–32, na ndio unaofungwa kila mtu. Mpira wa ndani lazima uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mama mwenye mkono wa sentimita 36 akibanwa na huo, presha inasomeka juu kuliko ilivyo, anaondoka na vidonge visivyomhusu. Dawa yake ni tepu ya fundi cherehani, itundikwe ukutani, na mkanda mkubwa kando yake. Pimeni mzingo katikati ya bega na kiwiko. Ni kazi ya sekunde kumi.

Mengine mnayajua: aegemee kiti, asikunje nne, awe amekojoa, mkono uwe mezani usawa wa moyo, na nesi asimuulize habari za watoto mashine ikisoma.

Dakika tano za kupumzika? Kwa foleni ya Jumatatu hapa Nairobi, nesi mmoja na watu mpaka getini, siamini zinawezekana kwa wote. Afadhali kila mtu apimwe mara moja, aliyefika 140/90 akae benchi dakika tano kisha arudiwe mara mbili. Vitabu havitaniunga mkono.

Hata kuhesabu sifuri kuna kasoro. Mkitangaza mnazihesabu, wiki ijayo zitajaa 7 na 3. Kwa hiyo msitangaze. Mashine nyingi za dijitali huhifadhi vipimo kwa saa na tarehe: chagueni kumi, mlinganishe na rejista.