Kriketi ya Wahindi wanaoishi Marekani: mnayodhani na yalivyo kweli

Juni 6, 2024 Marekani walipowachapa Pakistan kwenye Kombe la Dunia la T20, ile kriketi fupi, pale Grand Prairie, Texas, kila mtu mtandaoni akawa mtaalamu wa kriketi. Huyu anasema wachezaji wamenunuliwa, yule anasema ni matajiri wa Kihindi wanapoteza muda, mwingine eti mchezo umeingia Marekani juzi. Stori nyingi ni za kijiweni, ngoja tuzipitie.

"Wale ni mapro walioletwa kucheza"

Hapana bana. Mchukue yule mrushaji aliyekabidhiwa mpira kwenye ova ya nyongeza, yaani mipira sita ya kuamua mechi, Saurabh Netravalkar. Kazaliwa Mumbai, mwaka 2010 alivaa jezi ya India kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 19, ila timu ya wakubwa nafasi haikuja, 2015 akaachana na mambo ya kriketi akaenda zake chuo cha Cornell kusoma masta ya kompyuta, akimaliza akaajiriwa kampuni ya Oracle kama injinia wa programu. Kriketi akairudia hivihivi wanavyoirudia wenzake wote, yaani wikiendi, Ijumaa akitoka kazini anawasha gari San Francisco mpaka Los Angeles, masaa sita hivi barabarani, anacheza halafu anageuza. Hata Kombe la Dunia likiendelea dada yake alisema jamaa anatembea na laptop, mechi ikiisha anarudi hotelini kupiga kazi. Kwenye ile ova Pakistan walikuwa wanatafuta mikimbio (ndio pointi za kriketi) 19, wakaambulia 13. Huyo ndio mnamwita wa kununuliwa.

Sikatai, wanaolipwa wapo, hasa tangu ligi ya kulipwa ya Major League Cricket ianze 2023, na wapo waliotoka nchi nyingine wakiwa na majina tayari. Ila kwenye ligi za wikiendi, ambako familia ndiko ziliko, mchezaji ndio anatoa hela: ada ya ligi, ya uwanja, ya ampaya, ya mipira. Na wengi wako kwa viza za kazi, hata ukitaka kumlipa mshahara wa pembeni viza hairuhusu.

"Si ndio ule mchezo wa siku tano?"

Ule ni Test, unachezwa na mataifa, na yenye hadhi hiyo ni 12 tu dunia nzima. Mtu mwenye kikao Jumatatu asubuhi siku tano atazitoa wapi. Hawa wanacheza ova 20 kila upande, masaa matatu na kitu kwisha habari, au ova 40 ambazo ndio zinakula Jumamosi nzima.

"Mchezo wa kitajiri ule"

Hapa watu wanachanganya. Kriketi ya mpira wa ngozi ndio ina gharama kweli, mpira wenyewe una gramu 160 hivi na ni mgumu kama jiwe, bila helmeti, glavu na pedi za miguuni unatafuta hospitali. Lakini kuna kriketi ya pili ambayo ndio imewaingiza wengi: unachukua mpira wa tenisi, unauzungushia tepu ya mafundi umeme mpaka manyoya yote yapotee, unavuta tepu kwa nguvu isikunje maana ikikunja mpira unaenda unakotaka wenyewe. Wajanja wanafunika upande mmoja tu, upande mwingine wanauacha na manyoya yake, mpira ukirushwa kwa kasi unapinda hewani mpigaji anabaki anapiga upepo. Hakuna pedi hakuna helmeti, gongo moja la kupigia timu nzima mnapokezana. Ni chandimu yao. Na cha kuchekesha, huo mpira wa tepu ni ubunifu wa Karachi, Pakistan, na Wahindi wa Texas na New Jersey wanautumia bila kinyongo chochote.

Shida kubwa kwao ni uwanja kuliko hela. Manispaa nyingi zina viwanja vya besiboli na soka, sasa jamaa wanafika alfajiri na mkeka wamekunja nyuma ya gari, wanautandika, wanaupigilia misumari mirefu chini, ndio unakuwa njia ya kurushia mpira, jioni wanaung'oa. Sehemu zilizobahatika zina kipande cha zege katikati ya nyasi, mkeka unalazwa juu yake. Ndio maana mji kama Morrisville, North Carolina, wenye Wahindi wengi sana, ulipojenga uwanja wa kriketi Church Street Park watu walishangilia vile, na 2023 na 2024 mechi za Major League Cricket zilichezwa hapohapo.

"Wahindi ndio wamepeleka kriketi Marekani"

Hii ndio inaniuma zaidi. Mechi ya kwanza kabisa ya kriketi kati ya nchi mbili ilichezwa New York mwaka 1844, Marekani na Kanada, Kanada wakashinda. Uingereza na Australia mnaowasikia walikuja kucheza Test 1877, miaka 33 baadaye! Philadelphia walikuwa na timu iliyoifunga Australia mwaka 1893. Besiboli ikaja ikachukua watu, kriketi ikadorora, walioishika mkono zaidi kwa miaka mingi ni watu wa Karibiani, nenda Van Cortlandt Park pale Bronx utawakuta mpaka leo. Wahindi kwa wingi wao wamekuja baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965, na wakakuta mchezo upo.

Halafu hata "Mhindi" mwenyewe usimchukulie kirahisi. Pale Richmond Hill, Queens, kuna Wahindi kibao ambao India hawajawahi kukanyaga, ni watu wa Guyana, mababu zao walianza kupelekwa kule kwenye miwa 1838. Na kikosi kile kilichowachapa Pakistan kilikuwa na Monank Patel wa Gujarat kama nahodha, Ali Khan aliyezaliwa Pakistan, Aaron Jones aliyekulia Barbados na Andries Gous wa Afrika Kusini. Sisi wa Afrika Mashariki ndio tusingepaswa kabisa kusema kriketi ni ya Wahindi peke yao, Maurice Odumbe na wenzake wa Kenya waliwapiga West Indies kule Pune 1996, Kenya ya Steve Tikolo ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, na Uganda walikuwepo kwenye mashindano hayohayo ya 2024 wakishinda dhidi ya Papua New Guinea.

"Wanaume wanacheza, wanawake wanaleta biriani"

Biriani ipo, usijali. Lakini Januari 2023 Marekani walipopeleka timu ya wasichana chini ya miaka 19 kwenye Kombe la Dunia kule Afrika Kusini, kikosi karibu chote kilikuwa mabinti wa asili ya Kihindi, nahodha Geetika Kodali.

"Watoto wao wanazaliwa nayo damuni"

Wangekuwa wanazaliwa nayo wazazi wasingehangaika na akademia. Mtoto wa New Jersey shuleni hakuti timu ya kriketi, anakuta besiboli, basketi, soka, marafiki wake wote wako huko. Mzazi anayetaka kriketi anamtoa jioni baada ya homuweki anampeleka kwenye ghala lenye neti ndani, analipia kocha, baridi ya Januari nje theluji. Wengine wanaipenda kabisa, hasa sasa wanaposikia kriketi itakuwepo Olimpiki ya Los Angeles 2028. Wengine wanafanya miaka miwili wanahamia besiboli, na mababa wanajikuta wamekaa kwenye benchi wakijifunza sheria za mchezo mwingine ukubwani.