Modeli ya Mahitaji Katika Mradi wa Mwanafunzi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Miradi ya mwaka wa mwisho katika vyuo vya Dar es Salaam inafanana kwa namna nyingi. Wapo wanaounda mfumo wa duka la dawa, wapo wanaounda mfumo wa mahudhurio ya wanafunzi, na kila mwaka halikosekani kundi linalotaka kukiwekea kikoba mfumo wa kompyuta. Makala haya yanahusu modeli ya mahitaji, yaani michoro na maelezo ya kile mfumo unachopaswa kufanya, na nitakitumia kikoba, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kama mfano, kwa sababu kanuni zake zinajulikana na karibu kila nyumba jijini, na kwa sababu ni kazi inayoonekana nyepesi mpaka siku utakapojaribu kuichora.

“Modeli huchorwa mfumo ukishakamilika, ili andiko la mradi lijae.”

Hii ndiyo dhana mama, nyingine nyingi ni watoto wake. Wanafunzi huanza na majedwali ya hifadhidata na ukurasa wa kuingilia, kisha wiki mbili kabla ya kutetea mradi hurudi nyuma na kuchora michoro inayoeleza walichokwisha kukijenga. Mchoro wa aina hiyo hauwezi kukosolewa na mfumo, kwa kuwa umenakiliwa kutoka kwenye mfumo wenyewe, na wala haujamwuliza mtu yeyote swali lolote.

Ukweli ni kwamba modeli ya mahitaji ni swali lililowekwa katika umbo la picha au maandishi yaliyopangwa, ili mwenye kazi aweze kusema “hapa sivyo” wakati kusahihisha bado ni rahisi. Kundi moja nililowahi kulisimamia lilitengeneza mfumo wa kikoba cha akina mama wa Mbagala, na katika mfumo huo katibu aliweza kusajili ombi la mkopo, kuliidhinisha na kuandika kwamba fedha zimetolewa, yote akiwa peke yake kwenye simu yake. Programu ilifanya kazi bila hitilafu. Lakini fedha za kikoba kile zilikaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake zilishikwa na wanachama watatu tofauti ambao hawakuwa viongozi, ili sanduku lisifunguke popote isipokuwa kikaoni mbele ya wote. Wanafunzi walikuwa wameliona sanduku lile, hata wakalipiga picha ya kuweka kwenye andiko lao, ila hawakutambua kuwa zile kufuli tatu ni hitaji la mfumo, tena hitaji zito kuliko yote waliyoyaorodhesha.

Wangechora mapema mchoro wa hali wa mkopo mmoja, yaani jinsi unavyotoka katika hali ya kuombwa, ukaidhinishwa, ukatolewa, ukacheleweshwa au ukalipwa, wangelazimika kujiuliza juu ya kila mshale: nani anayeusogeza mkopo kutoka hali hii kwenda ile, na mbele ya nani? Mshale mmoja usio na jibu ungetosha kuwarudisha Mbagala.

“Kukusanya mahitaji ni kugawa dodoso.”

Dodoso lina kazi yake pale watu ni wengi na maswali yanajulikana. Kikundi cha watu thelathini hakihitaji dodoso, na swali la “Je, ungependa kikoba chako kiwe na mfumo wa kompyuta?” halina manufaa kwa yeyote, maana mgeni aliyevaa vizuri akikuuliza kama ungependa maendeleo, utamjibu ndiyo. Majibu hayo hugeuzwa chati za duara zenye rangi, zikajaza kurasa tatu, na hakuna hata hitaji moja la mfumo linalotokana nazo.

Kinachofaa ni kuketi kikaoni tangu sanduku linapofunguliwa hadi linapofungwa, daftari mkononi, na kuandika kila kinachofanyika kwa mpangilio wake. Katika vikundi vinavyofuata utaratibu wa vitabu vya mihuri, mwanachama akinunua hisa tatu kati ya tano zinazoruhusiwa kwa kikao, hugongewa mihuri mitatu, na visanduku viwili vilivyobaki wazi hukatwa kwa mstari wa kalamu. Mtazamaji wa juujuu ataona ni usafi wa kitabu tu. Ukiuliza, utaambiwa kwamba mstari ule unazuia mtu kuja kugonga muhuri wa ziada baadaye, nje ya kikao. Kwa lugha ya fani yetu, hilo ni hitaji la rekodi isiyobadilishwa baada ya kikao kufungwa, na hakuna mwanachama ambaye angelitaja kwenye dodoso, kwa sababu kwake si jambo la kutajwa, ni jambo la kutendwa.

Hapa imejificha dhana nyingine inayotajwa sana, kwamba mteja anajua anachokitaka na kazi ya mwanafunzi ni kukiandika. Mteja anaijua kazi yake, na hilo ni jambo tofauti. Mambo aliyoyazoea zaidi ndiyo anayoyasahau kuyasema.

“Mchoro wa visa vya matumizi ukishachorwa, mahitaji yamekamilika.”

Wazo la visa vya matumizi, yaani maelezo ya jinsi mtu anavyoutumia mfumo kufikia lengo lake, liliasisiwa na Ivar Jacobson wa Sweden katika miaka ya 1980, na baadaye likaingizwa katika UML, lugha ya michoro ambayo shirika la Object Management Group liliipitisha kuwa kiwango mwaka 1997. Wanafunzi wengi wanakijua kile kikatuni cha mtu wa vijiti na duara dufu lake. Kisichofahamika ni kwamba mchoro huo ni kama ukurasa wa yaliyomo, na kitabu chenyewe ni maelezo ya kila kisa: anayekianzisha, hali inayotakiwa kuwepo kabla, hatua moja baada ya nyingine, na njia mbadala mambo yanapokwenda kombo.

Tuchukue kisa cha “Mwanachama ananunua hisa” katika kikundi ambacho hisa moja ni shilingi 5,000. Njia kuu ni fupi: mwanachama anaitwa kwa namba, anakabidhi fedha, mhesabu fedha anazihesabu kwa sauti, katibu anaandika, kitabu kinarudishwa. Uzito upo kwenye njia mbadala. Mwanachama akileta shilingi 12,000, je, zile 2,000 zinarudishwa, zinawekwa akiba ya kikao kijacho, au zinahesabiwa kuwa sehemu ya rejesho la mkopo wake? Akiwa safarini akamtuma dada yake, dada anaruhusiwa kukabidhi? Akituma kwa simu, makato ya kutoa fedha anayabeba nani? Mwanafunzi anayeandika njia mbadala tano kwa kisa kimoja amefanya kazi kubwa kuliko aliyechora maduara arobaini.

Kuna makosa mawili madogo niyataje kwa kupita, maana huyaona kila msimu. Hifadhidata si mhusika wa nje, yaani mtu au mfumo mwingine unaowasiliana na mfumo wako, bali ni kiungo cha mfumo wenyewe, ilhali huduma ya fedha kwa simu ambayo mfumo unawasiliana nayo ni mhusika kamili ingawa si mtu. Na “Ingia kwa nywila” si lengo la mtu yeyote, kwani hakuna anayeamka asubuhi akafika Mbagala ili aingie kwenye mfumo, akatoka, akarudi nyumbani ameridhika.

“Michoro ikiwa mingi, kazi inaonekana ya kitaalamu.”

UML 2.5 ina aina 14 za michoro, na hakuna mradi wa mwanafunzi unaozihitaji zote. Kwa kikoba, michoro mitatu au minne yenye majina yale yale ya vitu inatosha kabisa. Mimi hulitazama kwanza hilo la majina, kwani nikikuta “mwanachama” kwenye mchoro mmoja, “mteja” kwenye wa pili na “mtumiaji” kwenye wa tatu, huwa nauliza kama ni watu watatu au ni mmoja, na mara nyingi wanakundi wenyewe hujibu tofauti.

“Mahitaji yasiyo ya kiutendaji ni sentensi tatu za mwishoni: mfumo uwe wa haraka, salama na rahisi kutumia.”

Mahitaji ya aina hii hueleza mfumo ufanye kazi kwa ubora gani, si ufanye kazi gani. Lakini sentensi hizo hazipimiki, na hitaji lisilopimika haliwezi kutimizwa wala kukiukwa. Badala ya “haraka”, andika kwamba katibu ataweza kusajili manunuzi ya hisa ya wanachama 30 ndani ya muda wa kikao cha saa mbili, kwa simu janja ya bei ya chini. Badala ya “upatikanaji mzuri”, eleza kitakachotokea kifurushi kikiisha katikati ya kikao au umeme ukikatika: je, kumbukumbu zitabaki kwenye simu na kupelekwa mtandao ukirudi, na makatibu wawili wakiandika kwa wakati mmoja ipi itashika?

Gharama ya kulipuuza eneo hili imeandikwa kwenye historia. Huduma ya magari ya wagonjwa ya jiji la London iliwasha mfumo mpya wa kompyuta wa kuyapangia magari kazi tarehe 26 Oktoba 1992. Mfumo ulitegemea taarifa kamilifu za mahali kila gari lilipo na hali yake, taarifa ambazo katika mazingira halisi hazikuwa kamilifu. Kumbukumbu zisizo sahihi zilizidi kulundikana, magari yakapangwa vibaya, na siku chache baadaye wahudumu wakarudia karatasi. Dhana kwamba taarifa zitakuja zikiwa timilifu ilikuwa hitaji lililojificha, na halikupimwa vya kutosha dhidi ya barabara na watu.

Upande wa usalama, suala si hiari tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na mfumo unaohifadhi majina, namba za simu, namba za kitambulisho cha taifa na madeni ya watu unaguswa nayo moja kwa moja. Kwa hiyo modeli inapaswa kuonyesha nani anaona deni la nani. Katika vikoba vingi madeni husomwa kwa sauti mbele ya wote, lakini kusomewa kikaoni na kuonekana kwenye simu ya mtu usiku wa manane ni mambo mawili tofauti, na wanachama wenyewe ndio wa kuulizwa.

“Sisi tunatumia Agile, hatuhitaji modeli.”

Agile ni mtindo wa kujenga programu kidogo kidogo, kwa awamu fupi. Tamko lake la Februari 2001, lililoandikwa na watu 17 huko Utah, Marekani, linathamini programu inayofanya kazi kuliko nyaraka ndefu, lakini linasema bayana kwamba hata kile kilicho upande wa pili kina thamani. Halijafuta kufikiri kabla ya kujenga. Wale wanaopingana na Agile nao, wanaodai kwamba njia ya maporomoko, ya kumaliza hatua moja kabla ya kuanza nyingine, hairuhusu kurudi nyuma, wamesahau kwamba Winston Royce, ambaye mchoro wake wa mwaka 1970 ndio hunukuliwa, aliandika katika makala ile ile kuwa kuufuata bila marudio ni hatari na kunakaribisha kushindwa.

“Mteja ametia saini, kwa hiyo mahitaji yamethibitishwa.”

Hili ndilo linalonisumbua zaidi hapa kwetu. Andiko la mradi huandikwa kwa Kiingereza, na mwenye kikoba anaifanya kazi yake kwa Kiswahili. “Hisa” ikishatafsiriwa, mwanafunzi huanza kuifikiria kama hisa ya kampuni, ambayo bei yake hupanda na kushuka sokoni, wakati hisa ya kikoba hubaki na bei moja mzunguko mzima. Kanuni isemayo kwamba mwanachama hukopa hadi mara tatu ya akiba yake inaonekana haina utata: mwenye hisa 24 za shilingi 5,000 ana akiba ya shilingi 120,000, na kikomo chake ni shilingi 360,000. Lakini akiwa bado anadaiwa 100,000, anaweza kukopa 360,000 nyingine au 260,000 tu? Karatasi ya Kiingereza iliyotiwa saini na katibu kwa heshima ya wageni haijajibu swali hilo.

Uthibitisho wa kweli ni kuisoma modeli kwa sauti, kwa Kiswahili, kama masimulizi, huku ukitumia kumbukumbu halisi za kikao kilichopita. Kundi la Mbagala lilirudi kufanya hivyo baada ya kurudishiwa kazi. Walipofika kwenye mchoro wa hali wa mkopo, mweka hazina, mama wa makamo aliyekuwa kimya tangu mwanzo, aliweka kidole kwenye hali ya “umecheleweshwa” akauliza: “Na aliyefariki akiwa na deni, wanangu, mmemweka wapi?” Wanakikundi walijadiliana karibu nusu saa, kwani katiba yao ilisema deni lifidiwe kwanza kwa akiba za marehemu, na haikusema lolote kuhusu kiasi kinachobaki. Siku hiyo mchoro uliongezwa hali moja mpya, na katiba ya kikoba ikaongezwa kifungu.