Majina kumi kwenye fomu bado si timu: dhana potofu kuhusu timu za biashara Kigoma

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ikitangazwa, vikundi vinachipuka Kigoma nzima, kuanzia Ujiji hadi Kasulu. Kuna fungu la asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kwa hiyo kila mtu anasaka wenzake wa kujaza fomu. Katiba inanakiliwa kwa jirani, mwenyekiti anachaguliwa, akaunti inafunguliwa. Pesa ikishaingia ndipo inajulikana kuwa hakuna aliyewahi kuuliza nani atauza, nani atashika stoo, na nani mwenye neno la mwisho bei ya dagaa ikishuka.

Kwamba watu wakishaandikishwa pamoja tayari ni timu, hiyo ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, maana inawaacha watu na deni na uadui. J. Richard Hackman wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyechunguza timu za kazi kwa miaka mingi, alisisitiza mambo ya msingi kabisa: ijulikane nani yumo na nani hayumo, kazi iwe ya kutegemeana kweli, na lengo lieleweke kwa wote. Kikundi ambacho kila mwanachama anachukua chake na kwenda kuuza mawese peke yake ni mikopo kadhaa iliyopitia akaunti moja. Si dhambi, ila tusitarajie ubunifu wa pamoja utoke hapo.

Wenye mitaji nao wana dhana yao: "Nitafutie vichwa vikali, biashara itaenda yenyewe." Mwaka 2010 mtafiti Anita Woolley na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti wa watu 699 waliofanya kazi katika vikundi vya watu 2 hadi 5. Wastani wa akili za wanakikundi haukusaidia sana kubashiri kikundi kipi kitafanya vizuri, wala akili ya yule aliyewazidi wote. Kilichosaidia ni kupeana zamu ya kusema na uwezo wa kusoma hisia za wenzao. Vikundi vyenye wanawake wengi vilielekea kufanya vizuri zaidi, hasa kwa sababu ya uwezo huo wa kusoma hisia. Pale mwalo wa Kibirizi, wanawake wanaoanika na kuchambua dagaa ndio wanaojua mapema mzigo upi utafika salama na upi utavunjikavunjika njiani. Kikao ambacho meneja na mhasibu wanazungumza saa nzima, halafu kina mama wanaombwa kupiga makofi, kimetupa taarifa iliyokuwa bure mkononi.

Na hapa ndipo penye uzito. Wengi wetu tunaamini timu nzuri ni ile tulivu, isiyoleta habari za makosa. Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson wa Harvard alichunguza makosa ya dawa katika timu za hospitali Marekani, akakuta jambo lililomshangaza: timu zilizoonekana bora ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye kumbukumbu. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba watu wa timu hizo hawakuogopa kuyasema. Kampuni ya Google nayo, katika uchunguzi wa timu zake ulioanza mwaka 2012, iliweka usalama huo wa kusema bila kuogopa juu ya mambo mengine yote.

Chukua sehemu ya kufungashia dagaa kule Mwanga, Kigoma mjini. Wateja walikuwa wanarudisha pakiti zenye ukungu. Bosi alilaumu mifuko, akabadilisha muuzaji, ukungu ukabaki. Binti wa kushika mashine ya kufungia alikuwa anajua kinachoendelea, lakini aliwahi kumsikia mwenzake aliyesema mizani ina kasoro akijibiwa, "Umekuja kufunga pakiti au kutufundisha kazi?" Akanyamaza. Siku moja mama mmoja mtu mzima, msimamizi wa uchambuzi, akamgeukia kikaoni.

"Mwanangu, wewe ndiye unayezishika. Unaona nini?"

"Shikamoo mama. Zile tunazofunga mchana zikiwa bado na joto la jua, zinatoa jasho ndani. Za asubuhi hazina shida."

Wakaanza kuacha dagaa wapoe kivulini kabla ya kufunga. Hakuna aliyenunua chochote.

Kuruhusu watu kusema hakumaanishi kulegeza kazi. Edmondson mwenyewe anasisitiza kwamba viwango vibaki juu. Anayechelewa kila siku aambiwe, tena waziwazi.

Tunasema pia kwamba watu wengi ndio mawazo mengi. Mfaransa Max Ringelmann alipima nguvu za watu wakivuta kamba, akachapisha matokeo mwaka 1913: wakiwa 8, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu aliyotoa akiwa peke yake. Mvuvi yeyote wa Ziwa Tanganyika anajua wavu hauji vizuri watu wasipovuta kwa pamoja. Mazungumzo nayo yana hesabu yake: watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wawili wawili, watu 12 wana njia 66. Kukaa duara na kurushiana mawazo papo hapo hakusaidii sana. Tangu utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 1958 imeonekana mara nyingi kwamba watu wakifikiri kila mmoja peke yake kisha mawazo yakakusanywa, yanakuwa mengi zaidi. Mmoja akisema, wengine wanasubiri na kusahau. Asiyependa kuandika amweleze katibu pembeni kabla ya kikao.

Kuhusu dhana kwamba ubunifu ni lazima uwe mashine na kompyuta, nitasema machache. Kutoa dagaa mchangani na kuwaanika kwenye vichanja vya mbao na nyavu ni ubunifu kamili: wanakauka bila mchanga, na dagaa safi ana bei nzuri.

Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kila mwenye biashara ya dagaa alilazimika kuwaza atauza nini. Swali la namna hiyo lifikishwe kwa wote, pamoja na kibarua wa stoo, wiki kadhaa kabla. Bosi aseme wa mwisho, kwa sababu akishatamka analotaka yeye, wengine watamuunga mkono tu.