Sufuri inavyookoa maksi za inekwaliti kwa KCSE

Jumamosi iliyopita hapa Kondele, Kisumu, nilikuwa na vijana sita wa fomu foo wanajiandaa kwa KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, nikawaandikia inekwaliti, yaani hesabu yenye alama ya kuzidi au kupungua badala ya =: 5 − 3x ≤ 14, hesabu ya fomu tuu tu hiyo, na wanne kati yao wakaniletea x ≤ −3. Kazi safi, mistari imenyooka, lakini jibu limeenda na maji.

Nikamuuliza mmoja, "x ikiwa sufuri je?" Akapiga: 5 toa 0 ni 5, 5 haizidi 14, basi sufuri inafaa. "Sasa iko kwa jibu lako?" Akaangalia daftari, kimya. "Ai mwalimu, haiko."

Hiyo ndio dawa yangu na haimalizi hata nusu dakika: chukua namba rahisi, sufuri ndio tamu zaidi, irudishe kwa swali lenyewe uone kama swali na jibu vinaelewana.

Ile sheria ya ukigawa kwa hasi geuza alama wote wanaijua, wameikariri tangu fomu tuu, shida hakuna aliyewaambia kwa nini. Mimi hutumia madeni. Wewe una 200, mwenzako ana 500, amekushinda. Sasa zifanye ziwe deni, wewe unadaiwa 200 yeye 500, nani ako afadhali? Wewe bana. 200 < 500 lakini −200 > −500, na hakuna uchawi mwingine hapo. Na kama hasi zinakutoa jasho zikwepe kabisa, hamisha −3x ng'ambo iwe chanya: 5 − 14 ≤ 3x, yaani −9 ≤ 3x, halafu −3 ≤ x. Hujageuza chochote.

Inayokula watu zaidi ni ya vichwa vitatu, kwa mfano 2x − 7 < 5 − x ≤ 3x + 9, toa namba kamili zote zinazofaa. Kuna wanaong'ang'ana kubeba pande tatu kwa mpigo, x nayo imejaa kila mahali, wanazunguka weee mpaka wanaruka swali. Ikate mara mbili. 2x − 7 < 5 − x inakupa 3x < 12, x < 4. Ya pili 5 − x ≤ 3x + 9 inakupa −4 ≤ 4x, x ≥ −1. Unganisha: −1 ≤ x < 4. Na hapo ndipo wengi wanafunga kalamu, kumbe swali liliomba namba zenyewe! Ni −1, 0, 1, 2, 3. Nne haimo, −1 imo. Sekisheni ya kwanza ya kila karatasi ni maswali 16 kwa maksi 50, kwa hivyo swali moja ni kama maksi tatu hivi, ukiacha moja mezani kwa kusahau kuorodhesha, hiyo umeipeana bure.

Kwa linia programing, yale maswali ya kugeuza masharti ya maneno kuwa inekwaliti, balaa ni lugha. Mtihani ni wa Kizungu, mtoto akiona "at least 20" anashika ile "least", anadhani ni kidogo, anaandika ≤. Kiswahili hakina huo mtego: mama wa samaki soko la Kibuye anataka ngege wasipungue 20 na mbuta wasizidi 15, ngege ni x, mbuta ni y. Wasipungue, basi x ≥ 20. Wasizidi, basi y ≤ 15. Nawaambia wageuze swali kwa Kiswahili kichwani kwanza, hakuna msahihishaji atakayesikia.

Kwa grafu, alama ya < au > tupu laini yake ni ya vidoti, ikiwa na kistari chini laini ni nzima. Huku kwetu tunashedi upande usiotakikana, na nimewahi kuona grafu nzuri kuliko zangu imeshediwa kinyume yote. Hapo pia sufuri inasaidia: jaribu (0, 0), ikikubali upande wake unabaki mweupe. Laini ikipita hapo hapo kwa (0, 0) chukua nukta nyingine ambayo laini haiigusi, hata (1, 0) sawa.